Mbega wanakufa kwenye nyaya za umeme kiwanjani kwangu: je, nikate miti?

Msomaji wetu wa Diani, Kaunti ya Kwale, anauliza: "Ninasimamia kiwanja cha ekari mbili chenye nyumba tatu za wageni. Nyaya za umeme zinapita katikati ya miti mikubwa. Mwaka huu mbega wawili wamekufa kwenye nyaya hizo, mmoja akiwa na kitoto kifuani. Jirani yangu, mzee wa hapa hapa, ananishauri nikate miti yote iliyo karibu na nyaya ili wasifike tena. Wageni nao wanawapa ndizi na mkate. Nifanye nini, na nianze wapi?"

Ndugu, usifyeke miti. Mzee wako ana haki katika jambo moja: tawi linalogusa waya halifai kubaki. Lakini ukiondoa miti yote iliyo kando ya nyaya, mbega hawatahama. Watakuta tu kwamba kitu pekee kilichobaki cha kuwavusha kutoka upande huu hadi ule ni waya wenyewe. Kanuni tunayokuomba uishike katika kazi yote ni hii: usiwaondolee mbega njia yoyote kabla hujawapa nyingine iliyo mbali na umeme.

Inafaa kwanza umjue mnyama mwenyewe, kwa sababu makosa mengi yanayofanywa kwenye viwanja vya Diani hutokana na kumchukulia mbega kama tumbili. Uliye naye ni mbega wa Angola, ambaye wenyeji wa Kwale humwita kuluzu: mweusi, mwenye manyoya marefu meupe yanayoning'inia mabegani na kuuzunguka uso, na mkia mrefu wenye ncha nyeupe. Hapa Kenya karibu wote wako Kaunti ya Kwale: Diani, Shimba Hills, misitu ya kaya (misitu mitakatifu ya Wamijikenda) na vipande vya msitu vilivyosalia kuelekea Shimoni. Ng'ambo ya mpaka wapo wengine katika misitu ya pwani ya Tanzania na kwenye milima kama Usambara na Udzungwa. Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, inamweka katika daraja la chini kabisa kati ya madaraja matatu ya wanyama walio katika hatari ya kutoweka. Maana yake ni kwamba bado tunao wa kuwaokoa, lakini idadi inashuka pamoja na msitu.

Jike hubeba mimba kwa miezi 6 hivi, huzaa mtoto mmoja, na huenda ikapita mwaka mmoja na nusu au zaidi kabla hajazaa tena. Kitoto huzaliwa cheupe pepepe na huanza kupata weusi wa wakubwa katika miezi ya kwanza. Kundi la Diani mara nyingi ni la wanyama watano, sita, pengine kumi. Sasa piga hesabu: majike wawili wakifa kwenye kundi lenye wakubwa wanne, hata mambo yakienda vizuri itachukua miaka kulirudisha kundi pale lilipokuwa. Ndiyo maana tunasema vifo viwili kwenye ekari mbili ni dharura.

Jambo la pili la kujua ni kwamba eneo lao ni dogo. Kundi huishi kwenye hekta chache tu, hupumzika zaidi ya nusu ya mchana likimeng'enya majani, na kwa siku halitembei mbali. Ekari zako mbili, ambazo ni kama hekta 0.8, huenda zikawa sehemu kubwa ya makao ya kundi hilo. Ukiweka pengo katikati yake, hawana pa kuhamia, kwa kuwa kiwanja cha jirani kina kundi jingine linalokilinda.

Haya, umeme. Nyaya za kawaida za kusambaza umeme majumbani hubeba volti 240 kati ya waya wenye moto na ule usio na moto, na 415 kati ya nyaya mbili zenye moto. Mnyama akigusa waya mmoja tu, bila kugusa kitu kingine chochote, kwa kawaida hapatwi na lolote. Anakufa anapoziba nafasi: mkono kwenye waya mmoja na mguu kwenye wa pili, au mkono kwenye waya na mkia kwenye chuma cha nguzo. Mbega ana mwili wa zaidi ya nusu mita na mkia mrefu kuliko mwili, nazo nyaya zilizo wazi kwenye nguzo nyingi zimeachana kwa sentimita chache tu kulinganisha na urefu huo. Akitembea juu ya waya wa chini na kushika wa juu ili asiyumbe, tayari ameunganisha njia. Misuli inakaza, hawezi kuachia. Wengine huanguka wakiwa hai na kukimbilia mtini, kumbe wameungua ndani, na hufa siku kadhaa baadaye mahali ambapo hakuna atakayewaona.

Penye transfoma pana hatari kubwa zaidi. Upande wa juu wa transfoma hupokea volti 11,000 au 33,000, na pipa lake la chuma limeungwa na ardhi, hivyo kugusa kipande kimoja kilicho wazi huku amekaa juu ya pipa kunatosha. Kama kuna transfoma kwenye mpaka wako, anza na hiyo.

Kabla ya kumwita fundi yeyote, tumia kama wiki mbili kuangalia. Toka alfajiri hadi saa tatu asubuhi, kisha tena kuanzia saa tisa alasiri, wakati mbega wanapotembea zaidi. Chora ramani ya kiwanja kwenye karatasi: miti mikubwa, nguzo, nyaya, nyumba. Weka mshale kila mahali wanapovuka, na uandike wanatumia nini: tawi, waya, paa, ukuta, au wanashuka chini. Utashangaa jinsi wanavyorudia njia zile zile. Mwendee pia mzee jirani yako umuulize walikuwa wanapita wapi kabla nyumba hazijajengwa. Mtu aliyeishi hapo miaka mingi anajua mambo ambayo wiki mbili hazitakuonyesha, na baadaye utamhitaji, maana mti wa upande wa pili wa njia huenda uko kwake.

Ramani ikishakuwa tayari, peleka ombi Kenya Power la mambo mawili kwa pamoja: kupogoa matawi, na kuhami nyaya, yaani kuzivisha ganda lisilopitisha umeme. Andika namba iliyo kwenye nguzo, namba ya mita yako, na ambatisha picha za mahali matawi yanapogusa. Tena taja vifo vya mbega, kwa tarehe. Shirika la Colobus Conservation, lililoanzishwa Diani mwaka 1997 kwa ajili ya mnyama huyu, limekuwa likishirikiana na kampuni ya umeme katika kazi hii hii. Wape nakala, wao wanajua ni vipande vipi vya mtandao vimeua zaidi, na ombi lako litapata uzito.

Usipande mtini mwenyewe, wala usimtume mtunza bustani, tawi likiwa chini ya mita 3 kutoka waya. Ngazi ya alumini na panga la mti mrefu ndivyo vinavyowaua watu. Umeme lazima uzimwe kwanza.

Kuhusu upogoaji wenyewe, simama pale kazi inapofanyika, kwa sababu hapa ndipo mambo huharibika kwa nia njema. Kosa la kawaida ni kukata kichwa cha mti: fundi anaukata mti wote kwa usawa mmoja chini ya waya, anaondoka, na panaonekana pasafi. Baada ya mvua, mti uliokatwa kichwa hutoa machipukizi mengi kwa mkupuo, yote yenye majani machanga. Na majani machanga, yenye protini nyingi na nyuzi chache, ndicho chakula mbega anachokitafuta kuliko kingine. Kwa hiyo umemwandalia meza chini ya waya wenye moto, na machipukizi hayo yanaufikia waya ndani ya msimu mmoja. Mwombe fundi afuate tawi hadi pale linapoungana na tawi kubwa au shina, alikate hapo, nje kidogo ya uvimbe wa maungio, bila kuacha kisiki. Tawi likikatwa hivyo, mti huziba jeraha na hautoi chipukizi nyingi.

Aanze na matawi yaliyo juu ya nyaya. Watu huangalia yale ya pembeni tu, lakini mbega anaporuka hupoteza kimo, na tawi linaloning'inia juu ya waya humwangusha moja kwa moja juu yake. Kisha yafuate ya pembeni, hadi pawe na nafasi ya mita 3 hivi. Nafasi hiyo haimzuii mbega aliyeazimia kuruka, naye anaweza kuruka mita kadhaa. Inachofanya ni kumwondolea urahisi, ili njia nyingine utakayompa iwe bora kuliko waya. Matawi ya upande usio na nyaya yaachwe yote. Tunalisisitiza hili kwa sababu mafundi wengi hupenda kusawazisha mti pande zote, na hapo ndipo unapopoteza matawi yanayounganisha mti na mti.

Panga kukagua mara mbili kwa mwaka: mwezi wa saba au wa nane, baada ya ukuaji wa masika, na tena Januari, baada ya vuli. Mti unaokua haraka kama mwarobaini unaweza kurudi kwenye waya katika nusu mwaka.

Kuhami nyaya kuna daraja zake. Bora kabisa ni kubadilisha nyaya zilizo wazi na kebo zilizosokotwa pamoja, kila moja ikiwa ndani ya ganda lake. Mbega anaweza kutembea juu yake bila madhara mradi ganda ni zima. Hilo lisipowezekana, nyaya zilizopo hufunikwa kwa mpira wa kuhami. Angalia mambo matatu fundi akimaliza. Kwanza, je, kifuniko kinafika nguzo hadi nguzo? Kipande cha mita 5 katikati, pale tu penye tawi, hakimlindi mnyama anayeendelea kutembea hadi sehemu iliyo wazi. Pili, je, sehemu ya juu ya nguzo imefunikwa, pale ambapo nyaya zinakaribiana na vyuma? Vifo vingi hutokea hapo. Tatu, vipande vifupi vinavyoshuka kwenye transfoma navyo vimevishwa? Jua la pwani na chumvi ya bahari hupasua plastiki, kwa hiyo kila unapokagua miti, tazama nyaya pia kwa darubini ya mkononi, na ukiona ganda limepasuka au limebanduka, ripoti. Waya wa zamani uliokuwa na ganda, sasa limenyauka, ni mtego kuliko waya ulio wazi tangu mwanzo, kwa sababu kila mtu anadhani ni salama.

Sasa njia mbadala. Diani kuna madaraja ya mbega juu ya barabara ya ufuoni, ngazi zilizolazwa hewani kutoka mti hadi mti, na mbega, kima na tumbili wote huyatumia. Ndani ya kiwanja chako unaweza kuweka dogo. Ngazi ya upana wa sentimita 30, yenye vipandio kila sentimita 25, inatosha. Vipandio vinaweza kuwa vipande vya bomba la plastiki au mti mgumu. Kwenye madaraja makubwa ya barabarani hutumika kamba za chuma, lakini wewe una nyaya za umeme jirani, na hapa hatukubaliani na wanaonakili daraja la barabarani bila kufikiri: kamba ya chuma ikikatika na kuangukia waya, ngazi nzima inakuwa na moto, pamoja na mti. Popote ambapo ncha ya ngazi inayoanguka inaweza kufika kwenye waya, tumia kamba ya poliesta ya unene wa milimita 16 hivi. Poliesta hustahimili jua kuliko nailoni. Katani huoza kwa mvua, na kamba za bei nafuu za plastiki zinazouzwa kwa kufungia mizigo hugeuka unga mkononi baada ya jua la misimu michache. Ikague kila mwaka, na uibadilishe mara tu nyuzi zinapoanza kukatika, usingoje iachie.

Mahali ambapo hakuna umeme karibu, kamba ya chuma ya milimita 8 iliyopakwa zinki ni imara zaidi. Funga kila ncha kwa klampu tatu, na sehemu ya klampu yenye umbo la U ikae upande wa ncha fupi ya kamba, isiwe kwenye kamba inayobeba mzigo, la sivyo itaikata. Mzigo wenyewe si mdogo: dume hufika kilo 10 hivi, na kundi zima linaweza kuwa darajani kwa wakati mmoja.

Kufunga kwenye mti kunahitaji uangalifu. Ukiizungusha kamba kwenye shina na kuikaza, mti unapononoka hujinyonga wenyewe, na baada ya miaka michache unakauka juu ya fundo. Weka vipande vya mbao kati ya kamba na gome, uvisogeze kila mwaka, au pitisha boliti moja yenye kitundu katikati ya tawi nene. Tundu moja safi huumiza mti kidogo kuliko pingu. Acha ngazi ilegee kiasi. Kusi ikivuma, miti miwili haiyumbi pamoja, na ngazi iliyokazwa hukatika au hung'oa tawi.

Ncha zake zote mbili ziingie ndani kabisa ya matawi yenye majani. Hili ndilo linaloamua kama daraja litatumika. Ngazi inayoishia kwenye shina tupu mbega huikwepa: hana kidole gumba, mikono yake ni ndoana ya kuning'inia na kurukia matawi, na shina nene lisilo na pa kushika halimfai. Iweke pale ambapo mishale ya ramani yako inaonyesha wanavuka tayari, katika kimo wanachotumia. Kisha ngoja. Wanaweza kuchukua wiki au miezi kabla ya kuipita. Usiweke chakula cha kuwavutia. Utavuta nyani kwanza. Ukitaka daraja juu ya barabara ya umma, hiyo ni kazi ya kibali cha mamlaka ya barabara na kaunti, na ni afadhali uipitishe kwa Colobus Conservation wenye uzoefu nayo.

Daraja la kamba ni la kukuvusha miaka michache. Suluhisho la kudumu ni miti. Panda mstari wa miti ya asili unaoungana na miti uliyo nayo, mita 10 au zaidi kutoka kwenye nyaya, na mita 6 hadi 8 kati ya mti na mti ili vilele vikutane. Mbambakofi, mkwaju na mvule yote yanafaa. Mkuyu ni mzuri mno kwa wanyama, ila mizizi yake hutafuta maji, kwa hiyo uuweke mbali na shimo la choo na kuta. Kama una mbuyu, usiuguse. Mbega hula majani yake machanga, na hakuna mti utakaopanda leo utakaochukua nafasi yake ukiwa hai.

Ardhi ya Diani ni mwamba wa matumbawe wenye udongo kiduchu. Mche uliochomekwa kwenye tundu dogo hudumaa au hukauka kiangazi cha kwanza. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande, vunja mwamba chini, jaza udongo wa juu uliochanganywa na mboji iliyoiva, panda mvua za masika zikishakolea, na funika shina kwa majani makavu bila kuyagusisha na gome. Kiangazi, lita 20 kwa kila mche mara mbili kwa wiki, kwa miaka miwili ya mwanzo.

Mwarobaini usiupande. Mbegu zake husambazwa na ndege na popo, na umeingia ndani ya misitu ya pwani ukiisonga miti ya asili. Hata hivyo, kama mwarobaini uliopo ndio pekee unaounganisha pande mbili za kiwanja, usiuondoe mwaka huu. Panda mbambakofi kando yake, ngoja vilele vikutane, ndipo uukate. Na katika bustani yote, acha kupuliza dawa za wadudu kwenye miti wanayokula majani yake: kwa mnyama anayekula majani, dawa hiyo iko kwenye sahani.

Kuhusu ndizi na mkate, hapo usilegeze. Tumbo la mbega linafanya kazi karibu na la ng'ombe. Sehemu ya mbele ni kubwa, imegawanyika vyumba, na imejaa bakteria wanaochachusha majani polepole. Bakteria hao wanahitaji mazingira yasiyo na asidi kali. Sukari ya ndizi mbivu au wanga wa mkate huchacha kwa kasi, asidi hupanda, gesi hujaa, na bakteria wa majani hufa. Mbega aliyepatwa na hali hii hujikunyata peke yake, tumbo limevimba, hataki kula, huharisha, anaweza kufa. Tunda analokula mwituni aghalabu ni bichi, au anataka mbegu yake tu. Wageni wengi huona tumbo lake kubwa na kudhani ameshiba, kumbe hiyo ni hali yake ya kawaida, hivyo si dalili ya kutegemea. Tazama mwenendo wake.

Kulisha kuna athari ya pili: kunawashusha chini. Ardhini mbega ni mzito wa miguu, na mbwa humkamata kirahisi. Tena tumbili, kima na nyani, ambao ndio wanaoingia jikoni na kufungua mapipa, hufika mara tu wanaposikia chakula kipo. Waambie wageni siku ya kwanza, kwa mdomo, na bandika maneno mafupi mlangoni: "Mbega ni mla majani. Ndizi huweza kumuua." Sababu ikitajwa, watu husikia kuliko wakisomewa katazo tupu. Mbwa wafungwe asubuhi na alasiri, saa ambazo mbega wanavuka. Kama njia yako ya gari inakatiza pale wanaposhuka, weka tuta. Huko Jozani, Unguja, matuta ya barabarani yalipunguza vifo vya kima punju, ndugu wa mbega.

La mwisho ni la siku ya ajali, maana kazi hii yote ikiendelea bado inaweza kutokea. Mnyama akiwa juu ya waya, usimguse kwa mti, mwiko wala bomba, hata kama anaonekana amekufa. Piga simu ya dharura ya Kenya Power kwanza. Akiwa ameanguka, wasogeze watu na mbwa, nyamazisha redio, kaa mbali, na wapigie Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) au kikosi cha uokoaji cha Colobus Conservation. Weka namba zao ukutani jikoni na kwa mlinzi wa usiku leo, usisubiri siku ya haja. Usimmwagie maji, usimpe maziwa wala chakula. Kama yuko barabarani na magari yanakuja, mfunike kwa blanketi zito, umwinue ukiwa umemshika kwa nje ya blanketi, umweke kwenye katoni yenye matundu, mahali penye giza. Meno ya dume ni marefu na hung'ata kwa uchungu, si kwa ubaya.

Kitoto kikiwa kimeng'ang'ania mama aliyekufa, usikibandue. Kaa kando ukiwatazama wote wawili hadi wataalamu wafike. Mwili wa mama unakipa joto, na kundi likiwa bado juu, mtaalamu anaweza kuamua kukirudisha kwao. Maziwa ya ng'ombe hukiharisha na kukiua. Kukichukua ukifuge nyumbani, hata kwa huruma, ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013. Vivyo hivyo kubaki na ngozi ya aliyekufa.

Na kila tukio liripoti, hata la mbega aliyepigwa na umeme akainuka na kwenda zake. Andika tarehe, saa, namba ya nguzo, hali ya hewa, kama ni dume, jike au kitoto, kama waya ulikuwa wazi au umefunikwa, na alikuwa akitoka mti gani kwenda upi. Piga picha ya nguzo na ya matawi, sio ya mnyama peke yake. Wale wawili waliokufa mwaka huu, ikiwa hawakuripotiwa, waripoti sasa kwa kumbukumbu ulizo nazo, uambatishe na ombi la kuhami nyaya.